Irudi Hivyo Hivyo

Barua ya baba mkwe wangu ilikuwa na makosa kumi na moja. Najua kwa sababu niliyasahihisha yote kwa kalamu nyekundu, nikiwa nimekaa kitandani kwangu kule kwetu Nkubu, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye cheti kipya cha ualimu na majivuno yasiyo na cheti.

Naitwa Mbaabu. Nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka thelathini na minne, na wanafunzi wangu watakwambia kwamba nilikuwa mkali. Si uongo. Huku kwetu Meru, na kule Embu vilevile, Kiswahili ni lugha ya shule na ya soko. Nyumbani kila mtu ana ya mama yake. Basi watu wanakisema wapendavyo. Mtoto anasimama mbele ya darasa anasema, "Mama yangu iko shamba na dada inapika." Kwao kila kilichoumbwa ni "i" tu: ng'ombe "i", gari "i", mama mzazi "i". Jambo hilo lilinikera hadi kichwa kikaniuma. Nilikuwa nakata hiyo "iko" na hiyo "inapika" kwa mstari mrefu kuliko ulivyohitajika, halafu namrudishia mtoto daftari lake bila kumtazama usoni.

Mwaka wa 1976 nilikuwa nafundisha karibu na Runyenjes, upande wa Embu. Nilipanga chumba kwa mzee Njiru, mkulima wa kahawa, na mzee huyo alikuwa na vitu viwili ambavyo kijiji kizima kilivitazama. Cha kwanza kilikuwa pikipiki nyekundu, Honda 90, aliyoinunua kwa padri mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Cha pili alikuwa binti yake, Ciakuthii. Mnisamehe kumtaja mtu pamoja na chuma, lakini ndivyo nilivyoona wakati huo, na ndiyo habari yenyewe.

Mzee Njiru aliniamini. Kila mwisho wa muhula alinipa pikipiki niende Embu mjini kuchukua karatasi za mtihani. "Wewe ni mwalimu," alikuwa akiniambia akinipa ufunguo. "Wewe unajua kuchunga kitu ya mtu." Nilikuwa namsahihisha moyoni, kitu cha mtu, halafu naondoka.

Mwezi wa Agosti nikamwomba pikipiki kama kawaida. Nilipofika barabara kuu sikuelekea Embu. Nilielekea Meru, na Ciakuthii alikuwa nyuma yangu juu ya keria, kile chuma cha kubebea mizigo, ameshika mfuko wa nguo kwa mkono mmoja na koti langu kwa mkono wa pili. Tulikuwa tumepatana. Sikuwa na ng'ombe hata mmoja wa kupeleka mahari, na vijana wengi walifanya hivyo: unamchukua msichana kwanza, wazee wanakwenda baadaye kuomba msamaha. Pikipiki nilikusudia kuirudisha baada ya siku mbili tatu kwa mkono wa mtu.

Barabara ilikuwa bado ya vumbi siku hizo. Tuliteremka hadi mto Nithi, na tulipoanza kupanda ng'ambo injini ikaanza kulia vibaya. Mimi ni mwalimu, si fundi. Nikaongeza moto. Ikanoki pale pale mlimani, vyuma vikashikana, ikagoma kuzunguka hata kidogo. Oili yote ilikuwa imevuja njiani. Tuliisukuma mpaka tukapata lori la ndizi lililokuwa linakwenda Meru. Ciakuthii alicheka muda wote tukisukuma. Kila nikisimama kupumzika ananiuliza kama huu ndio ualimu wenyewe. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Wiki tatu baadaye utingo wa basi aliniletea barua. Mzee Njiru alijua Kiembu na Kiswahili cha soko, mimi nilijua Kimeru na Kiswahili cha vitabu, kwa hiyo aliniandikia kwa Kiswahili. Nitaiweka hapa kama alivyoiandika, kabla sijaigusa.

"Mwalimu Mbaabu. Najua iko kwako. Ulichukua bila kuniuliza na mimi nilikuamini. Mimi sitaki kesi na sitaki ngombe yako. Nataka irudi nyumbani. Hata kama umeharibu irudi hivyo hivyo. Mahali ilikuwa inakaa nikiona nasikia vibaya. Ni mimi Njiru."

Nikachukua kalamu nyekundu. "Ngombe yako" nikaifanya "ng'ombe wako". "Mahali ilikuwa inakaa" nikaifanya "mahali ilipokuwa ikikaa". Nilipofika kwenye "Nataka irudi nyumbani" nikasimama, kwa sababu sentensi haina mwenyewe. Nini irudi? Nikachora alama ya kuingiza neno, na juu yake, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, nikaandika: pikipiki. Sasa sentensi ilikuwa imekamilika. Nikampelekea Ciakuthii jikoni huku nacheka.

Aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Pikipiki?" akauliza.

"Si unaona mwenyewe. Anasema hata kama nimeiharibu. Ameshasikia kwamba imenoki."

Akaisoma tena. Moshi wa kuni ulikuwa unamwingia machoni, nami nilidhani ni moshi.

"Hakuuliza habari yangu."

"Mzee ana hasira," nikamwambia. "Zitakwisha."

"Sawa," akasema. "Wewe ndiye mwalimu." Akaikunja barua, akanipa, na hakuiomba tena maisha yake yote.

Nami nikajibu siku hiyo hiyo. Niliandika kwa mwandiko safi, bila kosa hata moja: "Baba mpendwa, itarudi. Nipe muda niitengeneze kwanza, kwa maana sitaki kuirudisha kwako ikiwa mbovu. Ni mimi mkwe wako, Mbaabu." Niliisoma mara tatu kabla ya kuifunga, nikajisikia mtu mkubwa. Jibu halikuja.

Muda niliouomba ukawa miaka kumi na saba.

Sitasema ulipotelea wapi. Kila mwenye watoto na mshahara wa serikali anajua. Fundi wa kwanza aliiangalia pikipiki akataka pesa ambazo ningeweza kununua nazo ndama, na mwaka huo mtoto wetu wa kwanza, Makandi, alikuwa amezaliwa. Mwaka uliofuata kulikuwa na jambo lingine. Nilipomwomba baba yangu awachukue wazee waende Runyenjes kuzungumza mahari, alikataa. "Mtu amesema hataki ng'ombe, anataka pikipiki yake," alisema. "Mpelekee kwanza. Sisi tukifika bila hiyo tutasimama wapi?" Na Njiru naye hangeweza kuja kwetu. Mzazi wa msichana haendi kukaa katika boma ambalo halijamletea hata mbuzi. Kwa hiyo kila upande ulikaa kwake, na pikipiki ikakaa stoo chini ya magunia, kuku wakitaga mayai kwenye keria. Kila Krismasi Ciakuthii aliifuta vumbi kwa kitambaa kibichi. Mtoto wetu wa pili tulimwita Nelius, jina la mama mkwe wangu, bibi ambaye hakuwahi kumwona mjukuu wake.

Nilimkataza kwenda? Hapana. Lakini nilikuwa nasema, "Tutakwenda siku itakapounguruma," na nilisema hivyo mara nyingi mpaka ikawa kama sheria ya nyumba.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1993 miguu ya Ciakuthii ilianza kuvimba. Akichota ndoo ya maji anakaa chini kabla ya kufika mlangoni. Daktari wa misheni aliniita pembeni akanieleza kwamba moyo wake umepanuka na umechoka, na kwamba dawa zitausaidia lakini hazitaufanya mpya. Tulirudi nyumbani. Jioni hiyo, akimenya viazi, akasema:

"Nataka kwenda nyumbani."

Nilijua nyumbani ni wapi. "Kesho tupande gari," nikamwambia. "Siku hizi ni lami tupu. Saa mbili tu tumefika Runyenjes."

"Na pikipiki?"

"Achana na pikipiki. Wewe ni mgonjwa."

Akaweka kisu chini. "Baba hakuniita mimi, Mwalimu. Aliita pikipiki. Nikienda bila hiyo ataniuliza nini? Nitakwenda nyuma yake vile nilitoka."

Nilibishana naye siku mbili. Ciakuthii hakuwa mtu wa kelele, lakini alipokuwa ameketi juu ya neno lake ungemwinua na kiti. Siku ya tatu nikaipakia pikipiki kwenye pikapu ya maziwa, nikaipeleka Meru mjini.

Kasim alikuwa na karakana yake mtaa wa Majengo, nyuma ya bucha ya kaka yake. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, na alikuwa ametengeneza pikipiki tangu enzi za mkoloni. Aliizunguka yangu mara mbili, akatoa manyoya ya kuku kwenye tundu la kabureta, akaniangalia.

"Mwalimu, umeniletea pikipiki au banda?"

Nikamweleza ukweli wote. Nikamwambia ni ya nani, nani mgonjwa, na kwamba mshahara wangu unaliwa na dawa na karo kabla sijaushika.

"Basi tutaitengeneza kimaskini," akasema. "Kimaskini ni polepole, lakini inakwenda."

Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kama kitu kimoja. Nilitaka aigonge. Nilikuwa na haraka, na nilimwambia hivyo kwa ukali, kama ninavyosema na watoto. Kasim hakukasirika. Alimimina mafuta taa na oili ndani ya tundu la plagi, akafunika kwa kitambaa. "Vyuma vimenyamaziana miaka kumi na saba," akasema. "Ukivilazimisha leo vitapasuka. Acha vilowe." Tukangoja siku kumi. Ilipoachia, ilitoka na mikwaruzo mirefu, na Kasim akatikisa kichwa: haifai.

Basi nikaanza kuzunguka. Niliacha kununua gazeti, niliuza maharagwe ambayo tulipaswa kuyala, nilikata mti wa kivuli uani nikauza kuni. Kila Jumamosi nilikuwa safarini. Pistoni na silinda nilizipata mbali, Kangeta, kwa mfanyabiashara wa miraa aliyekuwa na Honda ya aina ileile iliyogongwa na lori. Alikuwa anaitumia kufungia mbuzi. Hakutaka kuuza, lakini aliipenda saa yangu ya mkononi, zawadi ya shule nilipotimiza miaka kumi na tano kazini. Nikaivua. Tuliifungua injini pale pale mbuzi akitutazama.

Gasketi Kasim alizikata kwa kisu kutoka kwenye jalada gumu la rejista ya zamani ya darasa langu. Akanionyesha kwamba majina ya watoto bado yanasomeka upande wa ndani. Waya wa klachi ulikuwa wa breki ya baiskeli. Tangi lilikuwa na kutu hadi kooni, tukalitia kokoto na maji ya ndimu, tukalitikisa kwa zamu mpaka mabega yakatuuma. Rangi nyekundu niliipata kanisani, masalio ya ile waliyopaka mabati. Ilikuwa nzito na haikufanana na ile ya padri, lakini ilikuwa nyekundu.

Kila Jumamosi nikirudi, Ciakuthii alikuwa ananingoja amekaa kitandani, mito imemwinua mgongo kwa sababu hakuweza tena kulala chali.

"Leo imefika wapi?"

Nikamweleza. Leo ringi zimeingia. Leo taa imewaka. Leo kiki inarudi yenyewe. Alisikiliza kama mtu anayeletewa habari za mgonjwa mwingine, na nadhani ilimfurahisha kusikia kwamba kuna anayepona.

"Ile keria iliniumiza sana," akasema siku moja. "Wewe ulikuwa na kiti. Mimi nilikuwa na chuma."

Akaomba koti langu la kodrai, lile lile alilokuwa ameshika safari ile, limetoboka viwiko. Akalikata. Akaanza kushona mto wa kufungia juu ya keria, na akaujaza matambara ya nguo za watoto. Alikuwa anashona mishono mitano, anaweka sindano chini, anapumua, anashona mingine mitano. Nilimwambia amwachie Makandi. Akaniuliza kama ni Makandi atakayekalia.

Jumamosi ya mwisho ya Juni injini iliwaka. Kasim alipiga kiki mara ya tisa au ya kumi, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, halafu ikashika. Ule mlio. Mwembamba, wa haraka, wenye kupwita kidogo katikati. Hakuna pikipiki nyingine niliyoisikia ikilia vile. Niligeuka nikatazama ukuta wa bucha, maana sikutaka Kasim aone uso wangu.

"Niachie wiki moja niikaze vizuri," Kasim akasema. "Jumamosi ijayo utaondoka umeipanda."

Nilipomwambia Ciakuthii, akaweka sindano chini. Kisha akamwita Makandi amsuke nywele. Alitaka mistari midogo, kama alivyosukwa na mama yake. Jumatatu akaniuliza kama baba yake atakuwa amezeeka sana. Jumanne akaniuliza kama nadhani atamwambia aingie ndani, au atazungumza nasi langoni tu. Nikamwambia ataona pikipiki yake na moyo wake utalainika. Nilimwambia hivyo, kwa mdomo wangu.

Alhamisi, saa nne asubuhi, nilikuwa nasahihisha insha za darasa la sita. Mwalimu mkuu alikuja akasimama mlangoni, akasema niende nyumbani. Nilikwenda mbio. Ciakuthii alikuwa amelala juu ya mito yake, nywele zimesukwa, na mto wa keria ulikuwa mapajani, sindano imechomekwa kwenye mshono wa mwisho.

Kwa desturi mtu hazikwi kabla ya kwao kujulishwa. Wazee wa upande wetu wakapanga kwenda Runyenjes Jumapili. Nikawaomba niende Jumamosi peke yangu, nitangulie. Walidhani nina wazimu wa msiba, lakini walinikubalia. Sikuwa na wazimu. Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho mzee yule aliwahi kuniomba, na kilikuwa tayari. Sikuweza kufika mbele yake na habari ile na mikono mitupu.

Kasim aliponiona alijua. Alinishika bega, akasema, "Mwenyezi Mungu akupe subira," akaishikilia pikipiki nikapanda. Nilikuwa nimekuja na mto. Sikujua la kuufanyia, sikuweza kuuacha nyumbani, nikaufunga kwenye keria kama ulivyokusudiwa.

Nilipita Nkubu bila kusimama. Kule Nithi nikateremka, nikaanza kupanda ng'ambo ya pili, nikasubiri injini ilalamike. Haikulalamika. Ilipanda mlima mzima kwa sauti ileile, kama haijawahi kuugua. Nililia kwa hasira pale mlimani. Nilitaka kuitupa mtoni.

Nilifika kwa mzee Njiru kabla ya saa sita. Mama mkwe aliniambia baadaye kwamba mzee alikuwa katikati ya kahawa aliposikia ule mlio. Alitupa kikapu, akakimbia, mtu wa miaka sabini na kitu. Nilipozima injini alikuwa tayari langoni, anahema, ameshika nguzo. Hakuitazama pikipiki. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

"Iko wapi?" akauliza.

"Hii hapa, baba," nikasema, nikaweka mkono juu ya tangi. "Nimeirudisha. Inatembea vizuri."

Akaniangalia kama mtu asiyejua lugha ninayosema. Akaja akazunguka upande wa keria, akauona mto. Akaubonyeza kwa kiganja.

"Hii ni ya kukalia nani?"

"Ni ya Ciakuthii. Alishona mwenyewe."

Uso wa mzee ukafunguka. "Sasa iko wapi? Imeshuka hapo barabara? Inaona haya?" Akaanza kutembea kwenda njiani, akichungulia kona, akiinua sauti. "Iambie ikuje. Mimi sina maneno. Iambie mama yake iko hapa."

Hapo ndipo niliposikia. Miaka kumi na saba nilikuwa na ile barua kwenye faili langu, na sasa nilisikia hiyo "i" kutoka kinywani mwa mwenyewe, na ilikuwa na nywele na miguu na jina. Najua iko kwako. Nataka irudi nyumbani. Mahali ilikuwa inakaa nikiona nasikia vibaya. Nikashika kiti cha pikipiki.

"Baba, ngoja," nikasema.

Akageuka.

Nilimwambia kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa nayo kati yetu. "Ciakuthii amefariki. Alifariki Alhamisi asubuhi. Alikuwa mgonjwa wa moyo." Kila neno lilikuwa sahihi.

Mama mkwe alikuwa ameshatoka ndani, na yeye ndiye aliyelia kwanza. Mzee hakulia. Alikaa chini palepale langoni, kwenye vumbi, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Majirani wakaanza kuja, mtu akampeleka mama mkwe ndani, na sisi wawili tukabaki.

"Nilikuandikia," akasema mzee.

"Ndiyo, baba." Barua ilikuwa mfukoni mwangu, nilikuwa nimeileta nimwonyeshe kwamba nilitimiza. Nikampa. Akaishika mbali na macho, akaisoma mstari kwa mstari, na kidole chake kikasimama.

"Hii nyekundu nani aliandika?"

"Ni mimi."

"Pikipiki." Alilisema neno hilo taratibu. "Kama mimi nilikuwa nataka pikipiki, si ningeandika pikipiki? Kwani hiyo neno ni ngumu?"



"Na wewe ukasema utatengeneza kwanza," akaendelea, wala hakupandisha sauti. "Mimi nikasema, sawa. Huyu ni mwalimu, anataka kutengeneza mambo pole pole, arudishe mtoto kama imepona aibu. Mama yake akisema twende tuchukue, mimi nasema ngoja. Amesema itarudi. Kila gari ikisimama hapo chini tunaangalia."

Akainamia barua tena. "Yeye alisoma hii?"

"Aliisoma. Nilikuwa nimeshasahihisha."

"Akasema nini?"

Ningeweza kudanganya. Hata leo najiuliza kwa nini sikudanganya. Labda kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa mwalimu. "Alisema hukumwita," nikamwambia.

Mzee Njiru alifumba macho.

Kisha akashika nguzo, akasimama. "Wazee yako inakuja lini?"

"Kesho, baba. Kuzungumza mazishi, na mahari."

"Ng'ombe sitaki. Niliandika." Akanirudishia barua, na akaweka kidole juu ya mstari ule ule, akausoma kwa sauti, akiliruka neno langu jekundu kama shimo njiani. "Nataka irudi nyumbani. Hata kama umeharibu, irudi hivyo hivyo."

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilikuwa mume. Nilikuwa nimechagua mahali pa kumzika kule Nkubu, karibu na mparachichi alioupanda, watoto wake wangeliona kaburi kila asubuhi wakienda shule, na mimi ningeliona. Kwa desturi sikuwa na haki ya kulidai, mtu ambaye hakupeleka hata mbuzi. Lakini ningeweza kubishana, na kubishana najua. Nikatazama keria. Sindano ilikuwa bado imechomekwa kwenye mto. Nilikuja nayo njia yote bila kuikumbuka.

"Itarudi, baba," nikamjibu. "Jumatano itarudi."